Mume Mwenza Mwenye Magurudumu Manne

Kwanza tuelewane: mimi si kichaa. Mwanangu wa kwanza anaweza kuwaambia vingine, na ana maneno matamu yule, lakini mwanamke kuwa na gari kuukuu uani na kulipenda si ugonjwa. Kuna wanaofuga kasuku. Kuna wanaoshinda mbele ya televisheni wakiwafokea wachezaji wasiowasikia, na hakuna anayewaitishia kikao cha familia.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho ninachoshonea: cherehani mbili, meza ya kukatia, na marobota ya vitambaa vya sare za shule yaliyopangwa mpaka karibu na dari. Uani, chini ya banda la mabati, ndipo linapokaa gari. Ni la dizeli, la njia mbaya, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na lilitoka kiwandani kabla sijazaa hata mtoto mmoja. Nililikuta limetupwa nyuma ya karakana ya mbao, majani yameota penye miguu ya dereva na kuku anataga kwenye kiti cha nyuma. Mwenye karakana alicheka nilipomuuliza kama analiuza. Nikamwacha amalize kucheka, kisha nikamuuliza tena.

Mtaa mzima unaliita Kikohozi, kwa jinsi linavyoamka asubuhi. Mume wangu ni mpima ardhi mstaafu, mtu wa suruali yenye mstari wa pasi hata siku ya kushinda nyumbani. Yeye hulitambulisha kwa wageni kwa heshima zote: "Na huyu hapa ni mume mwenza." Wageni huvunjika mbavu. Yeye mwenyewe hacheki sana.

Ufundi wa gari nimeujua kwa ubishi. Mafundi wa gereji walinichoka kwa maswali, nikaamua kulifanya kama ninavyofanya nguo. Koti likinishinda kulielewa, hulifumua mshono kwa mshono na kuweka alama ya chaki kila kipande kinapotoka. Basi na Kikohozi ni hivyo hivyo. Natandika shuka la zamani, kila nati na kila beringi nailaza mahali pake, naizungushia mstari wa chaki na kuiandikia namba. Wakati wa kurudisha naanza na kilichotoka mwisho. Mafundi walinicheka sana kwa shuka langu. Wao wakimaliza kazi hubaki na nati mbili tatu mkononi, huzitia mfukoni na kusema hazikuwa na kazi. Mimi sijawahi kubaki na hata moja.

Na mkitaka kujua nalipendea nini, sitazunguka. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kupelekwa. Baba alinipeleka shule, kaka akanipeleka mjini, mume akanipeleka kwake, na siku hizi mwanangu ananipeleka hospitali na kuniuliza kama nimefunga mkanda. Ndani ya Kikohozi mimi ndiye ninayejua tunakokwenda. Wengine wote wakitaka kujua, waulize.

Balaa lilianza mwezi uliopita. Nilishuka bonde la nyuma ya kiwanda cha matofali, mvua ikanikuta huko, nikazama kwenye tope. Simu ilikuwa haina mtandao. Nikalala garini, tena usingizi wa pono, na asubuhi nikachimba kwa koleo, nikatandika matawi chini ya matairi, nikatoka mwenyewe. Nilirudi nyumbani na matope mpaka kwenye nyusi, najiona malkia. Sebuleni nikakuta watu wamejaa kama msibani. Kumbe msiba wenyewe ni mimi.

Siku mbili baadaye kikaitishwa kikao cha familia, na aliyekiongoza ni huyo mwanangu wa kwanza. Tunamwita Meneja tangu akiwa mdogo, kwa sababu alikuwa akiwapanga wadogo zake mstari kabla ya kunawa mikono.

"Mama, lazima tuangalie umri," alisema.

"Umri wa nani?"

"Wa gari, Mama," alisema, huku akiniangalia mimi.

Akaeleza kwamba amepatikana mnunuzi, mtu mzuri, mpenzi wa magari ya zamani, atalitunza kama yai. Atakuja Jumamosi. Akachukua ufunguo kwenye msumari wake, akautia mfukoni, akanibusu kwenye paji la uso. Mume wangu alikuwa anaangalia dari muda wote huo, na mtu aliyemfahamu kwa miaka mingi kama mimi alipaswa kushtuka, maana dari letu halina la kuangalia. Lakini nilikuwa nimeshapandwa na hasira, sikuona kitu.

Ijumaa nilifunga chumba cha kushonea mapema. Nikaweka Kikohozi juu ya magogo, nikavua magurudumu yote mawili ya mbele, nikafungua breki, nikatoa beringi, nikaendelea mpaka mbele pakabaki mifupa mitupu. Vyote nikavilaza kwenye shuka, kila kitu na mstari wake wa chaki na namba yake. Nilijisikia raha isiyo na mfano. Mnunuzi aje, nilijisemea. Atanunua nini, shuka?

Jumamosi akaja, bwana mnene mwenye kofia, na Meneja nyuma yake. Nikakaa kwenye kigoda kando ya shuka langu, nimekunja nne, nikingoja kuona nyuso zao zikianguka. Bwana yule akasimama, akaangalia gari, akaangalia shuka, akapiga makofi.

"Mama, umenipunguzia kazi!"

"Kazi gani?"

"Si ya kulifungua? Mimi nataka injini, giaboksi, na hivi vya mbele. Hilo bodi mtawaita watu wa vyuma chakavu walibebe."

Akatoa gunia kwapani, akainama, akaanza kuokota. Beringi zangu zikaingia gunia moja na nati, breki zikalalia springi. Nilipigwa na butwaa. Nilikuwa nimemchinjia gari langu kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa mpangilio, na namba juu! Nilimtazama Meneja, nikaona naye kinywa kiko wazi. Hili la kuchinja hakulijua.

Nilisimama nikakanyaga mdomo wa gunia.

"Weka chini."

"Mama, tumeshakubaliana," Meneja akasema, ila sauti ilikuwa imepungua.

"Nani na nani? Gari liko kwa jina langu. Nimelitoa kwenye majani mimi. Hata yule kuku nilimhamisha mimi. Aliyekubali kuniuzia gari langu ajitokeze nimwone."

Yule bwana akavua kofia. Alikuwa hapendi ugomvi, nadhani. "Mama, mimi nisilaumiwe. Mzee mwenyewe ndiye aliyenipigia simu."

Meneja akawa anakagua viatu vyake, nami nikaelewa kwamba mtoto wangu alikuwa amebeba lawama isiyo yake wiki nzima. Nikageuka. Mume wangu alikuwa mlangoni, gazeti mkononi, suruali na mstari wake.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

"Ni kweli."

Ningeweza kumrushia spana. Nasema ukweli, mkono uliwasha. Kwa mwanangu nilikuwa na hasira ya kawaida, ile ya mama, ya kutoka na kurudi. Hii ya sasa ilinichoma.

Akashuka ngazi polepole. "Siku ile ulipolala bondeni nilisimama getini mpaka kukakucha. Nilipiga simu hospitali zote. Nilipiga hata mochwari." Akalihamishia gazeti mkono wa pili. "Wewe ukitoka na hilo gari, unafurahi, nakuona. Mimi huku nabaki mgane mpaka nisikie kikohozi chake kinaingia uani. Nimepima milima ya watu maisha yangu yote, na siku ile sikujua hata nianzie mlima gani kukutafuta."

"Ungeniambia."

"Ungesikia?"

"Nisingesikia," nikasema. "Lakini ningejua."

Moyo ulilainika, sifichi. Nilimwona pale getini, na pajama zake zilizopigwa pasi, akiulizia maiti yangu kwa sauti ya adabu. Nilimhurumia. Ila hasira nayo haikwenda popote, vyote viwili vilikaa kifuani vikisukumana, na mimi sikuona kwa nini nichague kimoja.

"Nisikilize vizuri, mume wangu," nikasema. "Kuogopa unaruhusiwa. Kuuza huruhusiwi."

Nikachukua gunia, nikalimwaga lote juu ya shuka. Vitu vikaanguka kwa kelele, hovyo hovyo, juu ya mistari yangu. Nikamwambia yule bwana mwenye kofia asante kwa kuja, na njia anaijua. Nikamnyoshea Meneja mkono, kiganja juu. Ufunguo ukatua kiganjani.

Nikapiga magoti nianze kupanga. Mume wangu akasimama kando kwa muda, kisha akakunja gazeti, akaliweka chini, akalikalia. Akaokota beringi, akaizungusha vidoleni, akatazama mistari ya chaki kwa jicho lile lile alilotazamia ramani. Akailaza juu ya namba saba. Ilikuwa ya saba kweli.

"Hii mistari umeichora vizuri," akasema.

"Najua."

Alinipa vitu mkononi kwa namba, kuanzia mwisho, mchana kutwa. Mara mbili alikosea kushoto na kulia, mara mbili nikamkaripia, na mara ya pili akacheka. Grisi ilimfika kwenye viwiko. Nilipokaza nati ya mwisho, shuka lilibaki na michoro mitupu, na Kikohozi limesimama kwa miguu yake. Nikaliwasha. Likakohoa mtaa mzima ukasikia.

"Unakwenda wapi?" mume wangu akauliza.

"Bondeni."

"Leo?"

"Leo. Na jua bado lipo, usianze."

Nilikuwa nimeshatia gia ya nyuma nilipoona anazungukia upande wa pili wa gari. Akafungua mlango, akapangusa kiti kwa leso, akaketi wima kama anapigwa picha. Sikumkaribisha, wala sikumkataza. Tulipita mtaa mzima hivyo, watoto wakipunga mikono, naye akiwapungia kidogo.

Bonde lilikuwa bado halijakauka. Nikasimamisha gari juu ya mteremko.

"Shuka," nikamwambia.

Akanigeukia akidhani namfukuza. Nikamweleza: gari hili ni la kizamani, huwezi kuvuta gia tu ukiwa umeketi na magurudumu yote yakafanya kazi. Mtu anashuka, anazungusha kwa mkono kitasa kilicho katikati ya kila gurudumu la mbele mpaka kijifunge. Asiposhuka, magurudumu ya mbele yanasindikiza tu, na atazama na kushangaa kwa nini.

Akashuka. Nilimwona akichuchumaa kwenye matope na viatu vyake vya kung'aa, akizungusha kitasa huku, kikagoma, akakijaribu kule. Akaenda upande wa pili. Alirudi na tope kwenye mstari wa suruali.

"Nimevifunga vyote," akasema. Akatazama chini bondeni. "Na tukikwama?"

"Tutakwama wawili," nikamwambia, nikaachia klachi.