Bwana Umbali na Televisheni ya Inchi Themanini na Tano

Usiku wa kuamkia leo niliota televisheni imekuja nyumbani kwetu kwa miguu.

Ilipiga hodi kwa adabu. Nilipofungua nikaikuta imevaa boksi lake kama koti la mvua, na chini imevaa ndara za povu jeupe, lile linalolia kwii kwii likikwaruzwa.

"Mimi ni inchi themanini na tano," ikasema. "Nimetoka dukani asubuhi. Njiani wamenisalimia wote."

Sikushangaa, na niseme kwa nini. Mimi ni kinyozi hapa Korogwe, jina langu Sechonge, na wiki nzima iliyopita mdomo wangu haukuwa na habari nyingine ila televisheni hiyo. Jirani yangu Shemdoe alinunua kubwa siku za Idi, na tangu hapo wateja wangu wote wanatazama mpira kwake. Wakija kunyolewa wanazungumzia kochi lake, kioo chake, hata kahawa yake. Nikaamua nitanunua inayopita ile.

Sebule yetu lakini ni ndogo. Ina kochi, meza, na pale dirishani ipo cherehani ya mke wangu Mwantumu, ambaye hushonea watu nguo hapo kwa sababu ya mwanga. Jana jioni nilimwambia cherehani inaweza kuhamia barazani, ukuta ule upate nafasi. Akasema, "Sawa." Sijawahi kusikia "sawa" fupi kama ile. Nikaenda kulala.

Basi ndotoni nikaikaribisha televisheni. Mwantumu alikuwa anakanyaga cherehani yake, gauni la mtu likitiririka mapajani, wala hakuinua kichwa. Televisheni ikaingia kiubavu, ikavua boksi, ikajiegemeza ukutani. Ukuta ukaisha wote. Saa iliyokuwa imetundikwa pale ikashuka yenyewe kwenye msumari, ikasema "samahani", ikaenda kukaa jikoni.

Nyuma ya televisheni akaingia mtu mmoja mrefu, mrefu mno, mwembamba, amebeba mkeka kwapani.

"Karibu. Na wewe ni nani, ndugu yangu?"

"Naitwa Umbali."

"Mbona sikukuagiza?"

"Hakuna anayeniagiza," akasema bila kinyongo. "Mimi na huyu hatuachani. Ukimkaribisha yeye, umenikaribisha na mimi. Kazi yangu ni kulala kati ya kioo na kochi. Nioneshe tu pa kunyooshea miguu."

Nikamwonesha, nikaketi kwenye kochi. Akatandika mkeka, akalala chali, utosi ukagusa kioo. Magoti yakafika kwenye kochi. Miguu iliyobaki ikawa inaelea juu ya kochi, na nyayo zake zikanikaribia usoni. Zilikuwa nyayo safi.

"Kuna tatizo dogo," akasema Bwana Umbali. "Nimeenea mpaka magotini tu."

"Jikunje."

"Nikijikunja utaumia shingo. Utatazama mpira kwa kugeuza kichwa huku na huku kama mtu anayetazama treni ikipita."

Nikamwambia shingo ni yangu. Nikabonyeza rimoti.

Ukatokea uso wa msomaji wa habari. Pua peke yake ilikuwa kama gunia la mahindi. Shavu halikuwa shavu, lilikuwa vigae: mraba wa kahawia, mraba wa kahawia, mraba wa kahawia uliokoza kidogo. Nikiwa nalikodolea macho, mraba mmoja ukajichomoa karibu na sikio, ukashuka sakafuni. Ulikuwa sawa na kipande cha sabuni ya mche, na ulikuwa umepanda baiskeli.

"Habari za hapa," ukasema. "Mimi ni nukta ya shavu. Upande wa kushoto."

"Nzuri. Una shida gani?"

"Shida ni makazi, mheshimiwa. Sisi nukta wa kioo hiki tuko milioni mbili tu. Tungekuwa kwenye kioo kidogo tungebanana vizuri, mtu akipiga chafya mwenzake anamwombea afya. Hapa kila mmoja amepewa kiwanja. Mimi nikitaka kuazima chumvi kwa jirani, napanda baiskeli."

Nikaitazama televisheni. Televisheni ikatazama dari.

"Uliniambia una picha kali," nikaiambia.

"Nilikwambia ni kubwa," ikajibu. "Ukali hukuuliza."

Ni kweli, sikuuliza.

"Sasa mnataka nini?" nikaiuliza nukta.

"Tuongezwe tuwe milioni nane, au tusogezwe tukaribiane. Kama hayo hayawezekani, basi usogee wewe. Hapo ulipo unatuona mmoja mmoja, na wengine hatujachana nywele. Ukikaa mbali tunakuwa shavu."

"Umesikia?" akasema Bwana Umbali kutoka mkekani. "Wakiwa wengi, mimi hujikunja. Wakiwa wachache, hujinyoosha. Si ukaidi, ndivyo nilivyoumbwa." Akavuta pumzi, akajinyoosha.

Nyayo zake zikalisukuma kochi, na mimi nikiwa juu yake.

Ukuta wa nyuma ukasema, "Pita tu, baba," ukajifungua kama pazia. Napita jikoni. Saa ya ukutani imekaa kigodani inakula muhogo, inaniambia nimewahi. Napita uani, kuku wananipisha. Sasa niko katikati ya shamba la mkonge, mistari imenyooka, kochi linarudi nyuma kwa mwendo wa heshima, na mbele yangu miguu ya Bwana Umbali inazidi kuwa mirefu kama bomba la maji.

"Picha inaonekanaje?" anauliza kwa mbali.

"Bado ina vigae!"

"Basi tuendelee."

Bila kona wala barabara, shamba likawa stendi ya Mombo. Mpiga debe mmoja akalizunguka kochi, akaligonga mbavuni.

"Hili linakwenda wapi?"

"Linatafuta picha nzuri," nikamjibu.

"Ah. Basi leo halifiki," akasema, akaendelea kuita abiria.

Kochi likasimama chini ya milima, mahali penye baridi. Nikatazama mbele. Sasa shavu lilikuwa shavu, pua ilikuwa pua. Picha ilikuwa safi haina doa. Tatizo ni kwamba kwa pale nilipokuwa, televisheni nzima ilikuwa sawa na kiberiti.

Kando yangu palikuwa na kochi jingine. Juu yake alikaa Shemdoe, jirani yangu, amejifunika blanketi, kidevu kina ndevu za kutosha kunyoa watu watatu.

"Jirani! Na wewe umenunua?" akasema kwa furaha. "Karibu, karibu. Mimi niko huku tangu Idi."

"Lakini wateja wangu si wanatazama mpira kwako?"

"Wako kule." Akaonesha kidole mlimani. Nikaona makochi, viti, mabenchi na ndoo zilizopinduliwa, watu wamekaa wamekunja macho. "Aliyekuja wa mwisho amekaa juu zaidi. Anasikia goli kesho yake."

"Na mkeo?"

Shemdoe akakuna ndevu. "Mzima. Upepo ukivuma vizuri namsikia anafua." Kisha akachangamka tena. "Lakini picha safi, eeh?"

"Safi," nikasema.

Tukatazama. Habari zikaisha, na baada ya habari nikaona sebule ya kwetu. Dirisha, cherehani, na Mwantumu. Hakuwa amehama. Amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja kiunoni, anaangalia mahali kochi lilipokuwa. Ameweka sahani mbili mezani. Anafungua mdomo. Namwona anaita. Anasogea kwenye tundu la ukuta, anaweka mikono mdomoni, anaita tena, mishipa ya shingo imemtoka.

Sikusikia kitu. Nikasimama juu ya kochi.

"Mwantumu! Niko huku!"

Niliiona sauti yangu ikiondoka. Ilifika stendi ya Mombo, ikanunua maji ya kunywa, ikakaa kupumzika.

Mwantumu akaita tena. Akaita mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akaita. Pale nikaogopa, nasema kweli. Miaka yote tuliyooana, mke wangu hajawahi kuniita mara ya pili, maana chumba ni kidogo na sauti ya kwanza hutosha.

"Bwana Umbali!" nikapiga magoti mbele ya nyayo zake. "Jikunje, tafadhali. Nataka kurudi."

"Natamani," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani kweli, maana mgongo ulikuwa umeanza kumuuma. "Lakini mimi nafuata kioo. Kikipungua, napungua."

"Nani atakipunguza?"

Hakujua. Shemdoe naye hakujua, na alikuwa na muda mrefu wa kufikiri. Ndipo nikasikia kengele ya baiskeli. Ilikuwa ile nukta ya shavu, imetoka jasho, imenifuata njia nzima.

"Una salamu?" ikauliza. "Mimi narudi huko huko."

"Mwambie mke wangu anipunguzie hiyo televisheni, kama anavyopunguza suruali. Na mwambie cherehani ibaki dirishani."

Ikaondoka. Mimi na Shemdoe tukainama kutazama kile kiberiti, maana sasa nyumba yangu ndiyo ilikuwa kipindi. Nikaona nukta inafika, inaegemeza baiskeli mlangoni, inapiga hodi. Safari hii sauti zikatoka, kwa sababu Shemdoe alikuwa amekalia rimoti muda wote, na alipoinama kitufe cha sauti kikaachiwa.

"Mama," ilisema nukta, "mumeo anasema suruali ipunguzwe, televisheni ibaki dirishani."

"Nini?" akasema Mwantumu.

"Ngoja. Cherehani ipunguzwe." Ikafikiri. "Hapana. Cherehani ibaki dirishani, televisheni ipunguzwe."

"Huyo aliyetaka kuihamishia barazani jana, leo anataka ibaki?"

"Mimi ni shavu tu, mama. Sina maelezo zaidi."

Mwantumu hakucheka, lakini namjua, alikuwa karibu. Akachukua tepu yake ya kupimia nguo shingoni.

"Wewe," akaiambia televisheni, "simama wima. Unapimwaje, mabega?"

"Kona kwa kona," ikasema televisheni, sasa kwa sauti ndogo. "Kutoka kona ya chini kwenda kona ya juu ya upande wa pili. Lakini mama, mimi si suruali."

"Kila kisichoenea ni suruali."

Akapima mshazari. Akaniuliza kwa kuangalia moja kwa moja kwenye kioo, "Kwa nafasi hii ya kochi na ukuta, Baba Mwajabu, unataka tukae tukiwa tumeegemea au tumeinama?" Nikapiga kelele, "Tumeegemea!" na sijui alisikia vipi, labda aliona tu mdomo wangu. Akasema basi hamsini inatosha. Akatia pini kuzunguka kioo chote, akashika mkasi, akakata. Televisheni ikawa inacheka kwamba inatekenywa. Vipande vilivyobaki hakuvitupa: alivifungua, akatoa nukta zaidi kwenye mishono, akazichomeka kati ya zile za zamani mpaka zikabanana bega kwa bega. Halafu akapitisha pindo kwa cherehani, trrr, trrr.

Nukta zote zikapiga vigelegele. Milioni nane. Mmoja akapiga chafya na wote wakamwombea afya.

Bwana Umbali akaachia pumzi ndefu, akajikunja. Kochi likaanza kwenda mbele. Nikamshika Shemdoe mkono nimvute, akasema nitangulie, yeye atamsubiri mkewe apate mkasi. Stendi, mkonge, kuku, jikoni. Saa ikanifuata nyuma, ikajitundika. Ukuta ukajifunga mgongoni mwangu. Kochi likatua mahali pake, na mbele yangu Bwana Umbali amelala mkekani, utosi kwenye kioo, nyayo kwenye kochi, hakuna kilichopungua wala kuzidi.

"Hapa," akasema, akifumba macho, "hapa nimeenea."

Mwantumu akasogeza sahani yangu. Nikanyoosha mkono.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeingia ndani. Mwantumu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika kikombe cha maji ya moto yenye tangawizi, anakunywa kwa taratibu. Nikamwambia kabla sijasahau, kabla hata ya kumsalimia, kwamba leo nakwenda dukani kuchukua ya inchi hamsini, yenye picha kali, na cherehani isiguswe, ibaki na dirisha lake.

Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akameza, akajaribu tena, ikatoka kwa kukwaruza, kama mlango wa bati.

"Sijui nimepatwa na nini," akasema. "Nimelala mzima, nimeamka koo limekauka."

"Pole, mke wangu. Kunywa tangawizi."

Akanywa. Kisha akaweka kikombe chini, akanigeukia.

"Lakini na wewe, Baba Mwajabu. Mtu unaitwa vile, huitiki?"