Nyuma ya Shiraa

Kitu cha kwanza alichokiona Umulkheir kilikuwa kidogo: bakora ilikuwa mkono wa kushoto. Bi Mwanamkisi, akiingia mchezoni kama mzee, na kanzu ya mumewe na kofia ya vito, siku zote aliishika kwa kulia. Hakuna mgeni aliyejali. Wanawake walijaa ukumbini katika nyumba ya harusi, mtaa wa Mkomani, buibui wameyatundika, mlango umetiwa komeo asiingie mwanamume. Walianza kucheka kabla mzee hajafungua kinywa. Umulkheir peke yake ndiye aliyeingiwa na baridi.

Kazi yake ilikuwa nyuma ya shiraa, kile kitambaa kipana ambacho zamani mabibi wa Amu walitembea ndani yake wasionekane, na sasa kilikuwa pazia la kundi la maigizo la Shani. Kundi hilo alilianzisha Bi Nana, vita vikuu vilipokwisha, kwa wanawake sita na ngoma moja. Alipokaribia kufa alimvika Bi Mwanamkisi kofia yake ile ya vito, na mwenye kofia ndiye aliyetunga mchezo, aliyegawa nafasi, na aliyecheza mzee. Tangu hapo Shani walialikwa mtaa wa Wiyoni, wakaalikwa hata kijiji cha Mkokoni. Umulkheir, kwa kuwa alifika darasa la tatu, aliyaandika maneno yote daftarini, akawa wa kumnong'oneza atakayesahau. Kwa miaka minane Bi Mwanamkisi hakuwahi kunong'onezwa.

Mzee aliketi, akakohoa, akamgeukia mke wake mpya wa nne, yaani Barka mwenzao, aliyejifunika ukaya usoni kama bibi harusi. Akafungua kinywa. Neno halikutoka.

Mbele kabisa alikaa Bi Saadiya, kiongozi wa kundi pinzani la mtaa wa Langoni. Kundi likinyamaza mbele ya wageni, hutungiwa wimbo wa kejeli, na wimbo huo huzunguka nyumba kwa nyumba mpaka pasiwe na wa kulialika tena. Bi Saadiya alikuwa akiingojea siku hiyo miaka.

"Mzee kashalala," alisema. "Mwamsheni, bibi harusi asije akachakaa akingoja."

Ukumbi mzima ukacheka. Umulkheir alichungulia penye tundu la shiraa. Aliona vidole vya Bi Mwanamkisi vikija nyuma, vikipapasa kitambaa, vikimtafuta. Akavuta pumzi moja, ya pili, ya tatu. Kwenye ya tano ndipo aliponong'ona. Mzee akalitamka neno kwa sauti ya kutetemeka, na wageni wakaudhani mtetemo ule ni wa uzee, wakacheka hadi machozi. Kuanzia hapo mpaka mwisho, kila neno lilitoka nyuma ya pazia.

Asubuhi wenzake walikusanyika kwa Bi Mwanamkisi. Uso wake ulikuwa umelegea upande wa kulia, na ulimi mzito. Umulkheir alikaa karibu na mlango, viatu vyake vikiwa karibu. Aliyaogopa macho ya Barka, aliyekuwa amekaa jana hatua mbili tu kutoka kwenye shiraa. Aliogopa zaidi kwamba Bi Mwanamkisi naye alizihesabu zile pumzi.

"Jana ulikuwa wapi, we mtoto?" Barka akauliza. "Nimekaa chini ya ukaya nikaisoma Yasini nusu."

Umulkheir akaivuta leso mpaka usoni.

Bi Mwanamkisi akainua mkono wake mzima, wa kushoto, kumzuia Barka. "Mwateni," alisema polepole, akimwashiria Umulkheir asogee. "Yeye ndiye alonitoa kwenye aibu. Ndoo hapa, mwanangu."

Akaagiza kofia iletwe, akamvika mwenyewe, na wanawake wakapiga vigelegele. Barka akamkumbatia, akamwambia kwa utani kuwa mzee safari hii ni mdogo kuliko wakeze. Kisha wakaenda jikoni kuandaa uji, wakawaacha wawili hao peke yao.

Umulkheir alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuthubutu kumtazama usoni.

"Waogopa nini," Bi Mwanamkisi alimuuliza, "nawe kofia umeshapawa?"

Umulkheir aliutazama mlango. Ulikuwa wazi, na kicheko cha Barka kikisikika. Hakuinuka kuufunga.

"Neno nalikuwa nalo, Bi. Tangu ulipofungua kinywa nalikuwa nalo. Nalinyamaza kwa kuwa nalitaka watu waone kwamba huwezi tena, wanipe mimi."