Shingo ya Bi Thyra

Bi Thyra alipocheza baleti, Copenhagen nzima iliililia shingo yake iliyoinama. Magazeti yaliandika kwamba imebeba huzuni ya dunia. Kwa kweli goti lilikuwa likimuuma, na asingeinamisha shingo angeanguka. Alipostaafu na kuwa mwalimu, alimrithisha Signe, mwanafunzi wake bora, shingo hiyo kwa heshima zote, ili angalau kitu chake kibaki jukwaani.

Siku ya usaili wa Signe wa kujiunga na kundi la baleti, mkurugenzi mpya wa kundi alisimamisha piano.

"Binti, umelala vibaya?"

"Hapana. Ndivyo Mwalimu alivyonifundisha."

"Hebu inyooshe."

Signe akainyoosha, akacheza vizuri kuliko siku zote. Mkurugenzi akageuka nyuma, alikoketi Bi Thyra.

"Mama, kwa nini ulimfundisha kilema?"

"Nilimfundisha mlichonipigia makofi," alijibu Bi Thyra, akalishika goti lake, akainuka kwenda zake.