Chaza wa Kwenye Friji

Mama mkwe alikuwa amepika, jambo la kumfurahisha mtu anayerudi hoi kutoka kazini. Lakini mtafiti wa bahari aliona maganda ya chaza kwenye pipa la jikoni, akafungua friji, mfuko mweusi aliouficha humo haupo.

Chaza wale walikuwa sampuli. Friji ya maabara iliharibika, akawaleta nyumbani kimyakimya, maana mama mkwe alishasema friji ya chakula si mochari ya makonokono. Walitoka kwenye ghuba ambayo maji yake yalikuwa yamegeuka mekundu kwa vijimwani visivyoonekana kwa macho. Chaza huyachuja maji hayo, sumu ya vijimwani ikabaki kwenye nyama yake. Moto hauiondoi; huanza na ganzi ya midomo, huishia kuzuia pumzi.

"Mama, umekula chaza?"

"Wachache tu, kuonja chumvi. Mjukuu wangu nimemwambia amsubiri mama yake. Kila siku unakuta jiko limezimwa, leo nikasema nikupumzishe."

Mtafiti akapiga simu maabara. Mwenzake, waliyemwita Miwani, alikuwa akiyapima maji ya ghuba ileile.

"Vijimwani vya sumu vimejaa tele," alisema Miwani. "Hao chaza umewaweka wapi?"

Akakata simu, akamgeukia mama mkwe.

"Mama, midomo haijafa ganzi?"

"Ganzi ya nini? Kwani nimepika vibaya?"

Mama mkwe akamimina chai iliyotoka kuchemka, akapiga funda kubwa bila kupuliza. Chai ikamchuruzika kidevuni, wala hakuifuta. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mtafiti akamwaga sufuria yote, mtoto akamwacha kwa jirani, wakaingia kwenye teksi. Njiani mumewe akapiga simu. Akamwambia awakute hospitali. Mama mkwe akamshika mkono, maneno yakimtoka mazito.

"Mwanangu akiuliza... niliwanunua mwenyewe. Sokoni."

Miaka yote mtafiti alimwogopa mwanamke huyu kama mwanafunzi anavyoogopa kiboko. Akalia, hakujizuia.

Mumewe aliwatangulia mlangoni mwa hospitali. Nesi akauliza mgonjwa kala nini, kimetoka wapi. Mama mkwe akamfinya mkwewe vidole, kinyonge.

"Chaza wenye sumu," mtafiti akasema kwa sauti, akimtazama mumewe. "Sampuli za kazini. Niliwaweka mimi kwenye friji, sikumwambia mtu. Mwekeeni mashine ya kupumulia karibu."

Mama mkwe akafumbua mdomo amkatalie, lakini ulimi haukumtii.