Jina Lolote Lifike kwa Fundi

Jumanne, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Fundi Mitambo wa idara ya maji alikuwa amechuchumaa mbele ya seva, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya ndoo na fagio. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye beseni, naye kila baada ya nusu saa aliyamwaga dirishani. Gotini alikuwa na barua ya Mkurugenzi. Vitengo kumi na kimoja vimefungwa, barua ilisema, watumishi wake wameagwa kwa heshima, lakini kurasa zao kwenye tovuti zinaleta aibu. Mteja akiandika "maabara" mbele ya anwani ya idara, au "mita", au "mabomba", anajibiwa kwamba ukurasa haupo. Fundi ahakikishe mtu akiandika jina lolote, anafika.

Fundi alipiga simu kuuliza kama aandike mistari kumi na mmoja, kila jina na mstari wake.

"Usihangaike na orodha," Mkurugenzi alisema. "Majina yataongezeka. Weka kitu kitakachomeza yote."

Kitu hicho kipo, nacho ni alama ya kinyota. Ukikiweka mahali pa jina, husimama badala ya kila jina lisilo na mwenyewe, na mgeni hupelekwa pale ulipomwelekeza.

Kilimtoa jasho. Alikiandika kwenye orodha ya majina, wageni wakafika mlangoni na kuikuta seva imewanunia. Akakiandika kwenye seva yenyewe, sasa kompyuta ikaonya kwamba cheti cha usalama hakilitambui jina hilo. Akaomba cheti chenye kinyota, kikakataliwa mara mbili kwa sababu ya nukta moja. Kisha ukurasa ukaanza kujielekeza kwenye ukurasa uleule, ukizunguka kama pia, mpaka seva ikazimika. Alitukana kimoyomoyo, halafu kwa sauti. Saa saba kasoro dakika kumi kikakubali. Aliandika "maabara", akafika. Aliandika "mita", akafika. Kwa hasira aliandika "kiatu", akafika pia. Kote alitua kwenye ukurasa wa msaada, wenye namba moja ya simu na picha ya mtu mmoja, ambaye ni yeye, maana hapakuwa na fundi mwingine aliyebaki.

Akashuka kantini kula. Tonge la kwanza lilikuwa njiani kuelekea mdomoni wakati Mhasibu, ghorofa ya tatu, alipokuna kichwa na kuita kwa mazoea, "Mpima Mita!" Fundi alijikuta amesimama mbele ya meza ya Mhasibu, tonge mkononi.

"Afadhali umekuja," Mhasibu alisema. "Hizi namba za mtaa wa juu hazieleweki."

"Mimi si Mpima Mita."

"Najua. Kwani mimi kipofu? Lakini si ndiye uliyekuja?"

Fundi alizitazama zile namba, hakuambulia kitu, akasema hakuambulia kitu. Aliporudi kantini sahani ilikwishaoshwa.

Hadi saa kumi alikuwa ameitwa kama Karani wa Masijala, kama Dereva wa Boza, lile lori la kugawa maji, na mara mbili kama Mtunza Stoo. Aligundua kwamba kinyota hupeleka tu, hakirudishi. Kurudi ni kwa miguu yako. Ndani ya jengo hilo halikuwa tatizo kubwa, lakini Jumatano wateja nao walianza. Mtu mmoja aliyeishiwa na maji katikati ya kuoga, povu hadi nyusini, aliita "Fundi Bomba!" akamwona Fundi amesimama kando ya ndoo. Alimwomba taulo. Fundi alimpa taulo, akamweleza kwamba yeye ni wa mitambo, akatembea kilomita nne hadi ofisini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema. Wa watu kumi na mmoja ulianza kumtoboa soli.

Alhamisi asubuhi alifika jikoni kwa bibi mmoja juu kabisa ya mlima, pale bomba la idara linapoishia. Bibi alikuwa ameita, "Binti wa Maabara!"

"Naona umeota ndevu," bibi alisema. "Kaa."

Alimwekea bilauri ya maji mezani. Yalikuwa na rangi ya chai. Kwenye mkeka, mjukuu wake wa miaka mitano alikuwa amejikunja, mikono tumboni, siku ya tatu.

"Nilimpeleka zahanati," bibi alisema. "Wamempa dawa. Wamesema anywe maji mengi."

Fundi aliitazama bilauri. Hakujua kupima maji zaidi ya kuyatazama. Alijaza chupa, akateremka saa moja na nusu hadi mjini kumtafuta Binti wa Maabara mwenyewe, ambaye tangu aagwe alikuwa akitoa fotokopi katika duka dogo karibu na stendi. Binti aliitikisa chupa, akaiinua kwenye mwanga, akainusa.

"Haya ya mlimani," alisema. "Bomba kuu limepasuka pale linapopita chini ya mtaro wa maji machafu. Niliandika mwaka juzi. Nikaandika tena mwaka jana. Mwaka huu wakanipa cheti cha shukrani. Akufukuzaye hakwambii toka, kaka."

"Naweza kuandika mstari mmoja juu ya kinyota," Fundi alisema. "Jina lako litatangulia. Wakikuita, utafika wewe badala yangu."

"Waniite kwa barua ya ajira, nitakuja kwa miguu yangu. Kuitwa bure nimeshaitwa sana." Akapokea karatasi za mteja mwingine. "Mwambie huyo bibi mtoto asiyaguse. Achote kwingine."

Fundi alipanda tena mlima kupeleka ujumbe huo.

"Kwingine ni wapi, mwanangu?" bibi aliuliza.

 Fundi alikuwa na bomba nyumbani kwake, upande wa pili wa mji, lililotoa maji safi, na alikwishabaini kwamba kinyota humchukua mtu na chochote alichoshika. Wakakubaliana. Kila siku saa mbili asubuhi bibi angemwita Binti wa Maabara, naye Fundi angekuwa amesimama uani, dumu la lita ishirini mkononi, tayari.

Mara nyingi mpango ulikwenda sawa. Mara nyingine mtu mwingine alitangulia kuita, na Fundi akatokea na dumu lake katika saluni, au kwenye kikao cha wazazi shuleni, ikabidi alibebe hadi mlimani begani. Baada ya siku nne mtoto aliinuka kwenye mkeka akaomba chakula. Wiki iliyofuata alipewa tena maji ya bomba kwa jirani, akaugua, akalala tena.

Fundi akaenda kwa Mkurugenzi, na safari hii hakuketi alipoambiwa aketi.

"Bomba la mlimani linavuta maji ya mtaro. Watu wanaugua. Mimi nafika, bosi, lakini sijui kuziba bomba."

Mkurugenzi alimwonyesha karatasi. "Mwezi huu hakuna mteja aliyeita akakosa mtu. Hata mmoja. Hatujawahi kupata matokeo kama haya."

"Kufika si kuhudumia."

"Andika ripoti, uipeleke Kitengo cha Mabomba."

"Kitengo cha Mabomba kimefungwa."

"Ndiyo maana tuna kinyota," Mkurugenzi alisema kwa upole.

Fundi aliandika ripoti, kurasa tatu, na jina la mtaro. Aliielekeza Kitengo cha Mabomba, akaitumbukiza kwenye sanduku la barua za ndani. Kesho yake aliikuta juu ya meza yake mwenyewe, imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Ijumaa hiyo alikwenda kwenye seva akafuta kinyota. Asubuhi nzima hakuitwa popote. Alikaa kwenye kiti chake, akanywa chai mpaka tone la mwisho, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki tatu. Saa tano alikumbuka miadi ya saa mbili. Bibi alikuwa amemwita Binti wa Maabara tangu saa hiyo, sauti ikamkauka, na hakuna aliyefika, wala dumu. Fundi alikirudisha kinyota kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyemwamuru.

Tatizo lililobaki lilikuwa la nyumbani. Mkewe alikuwa mshonaji, mtu wa kupima mara mbili na kukata mara moja, na hakupenda chakula kipoe.

"Nimekuita tangu saa kumi na mbili," alimwambia. "Nimekuita jina lako, nimekuita baba watoto, mpaka majirani wameitika. Wanaokuita kwa majina ya watu unawaendea mbio. Mimi mkeo hunisikii?"

"Kinyota hakikamati jina la mwenyewe," Fundi alisema, akivua viatu. "Kinakamata yasiyo na watu. Langu lina mtu."

"Lina mtu gani, kama hayupo?"

Fundi alivuta sahani, akala chakula baridi.

Jumatatu Mkurugenzi aliwaaga watu wawili zaidi, Dada wa Mapokezi na Mpishi wa kantini. Seva haikuhitaji kuguswa: majina yao sasa hayakuwa na mwenyewe, na habari hizo zilimfikia mkewe. Jioni Fundi alikuwa bado mtaa wa mbali, katika karakana ya mtu aliyemwita Dereva wa Boza, wakati mkewe alipopakua, akafuta mikono kwa aproni, akasimama mlangoni na kuita, "Mpishi!"

Fundi akawa mezani.

"Nawa mikono," mkewe alisema. Hakutabasamu, wala hakukasirika.

Alinawa. Walikula, watoto wakisimulia habari za shule, na kwa muda wa matonge sita ilikuwa nyumba kama nyumba nyingine. Kwenye tonge la saba, bibi wa mlimani aliita.

Jikoni kwake taa ilikwishawashwa. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, macho wazi. Fundi hakuwa ameshika dumu. Alikuwa ameshika tonge. Alimpa mtoto, akalipokea.

"Bomba bado?" bibi aliuliza.

"Bado, bibi."

"Na wewe hujaondoka kazini?"

"Bado."

Bibi alimsogezea kigoda. Mji ulionekana wote kutoka hapo, na mahali fulani kule chini chakula chake kilikuwa kinapoa. Fundi alikaa, akanyoosha miguu, akangoja mkewe achague jina la kumwitia.