Glavu ya Muuza Tofu

Mpira ulitoka mkononi mwa Nagisa bila kelele, ukavuka ua wa nyuma ya duka ukiwa umeshikilia kimo chake kama ndege asiyetaka kutua, na Sakuzo, aliyekuwa amechutama mbele ya magunia ya soya, akafunga glavu palepale ulipofika. Mlio ukapiga ukuta wa jirani ukarudi. Paka aliyelala juu ya pipa aliinua kichwa, akakilaza tena, alikwisha kuzoea.

"Huo je, Mjomba?" Nagisa aliuliza.

"Huo," alisema Sakuzo. Kwa mpira wa msichana yule wa mtaani, aliyemwita mjomba kwa heshima tu, hakuwahi kuwa na neno jingine.

Ilikuwa alfajiri ya vuli, mvuke wa sufuria ukipenya dirishani na kupotea katika baridi. Tofu ya kwanza, jibini laini la maziwa ya soya, ilikwisha kugandishwa na kukatwa. Vipande vyeupe vilikuwa vimelala ndani ya tangi la maji, vimetulia kama waliolala usingizi wa wenye haki. Mikono ya Sakuzo, iliyoshinda majini tangu ujana wake, ilikuwa laini kuliko ya mkewe. Kazi ile haitaki nguvu. Kipande huinuliwa kwa kiganja kilichonyamaza na kisu hushushwa juu ya kiganja hichohicho bila kukijeruhi; mwenye papara huishia kuuza makombo.

Kiganja hicho ndicho kilichompa jina uwanjani. Kila mwisho wa juma Sakuzo aliwadakia watoto wa timu ya besiboli ya mtaa wa Kamisaki wakati wakipasha mikono moto, na kudaka nako kuna ufundi wake. Mpira ukipokewa katikati ya kiganja hufa kimya. Ukipokewa kwenye mfuko ulio kati ya kidole gumba na cha shahada, glavu ikafungwa wakati uleule, hulia. Na mtoto anayesikia mpira wake ukilia hivyo hurefuka papo hapo. Ni adabu ya mdakaji kumpa mrushaji sauti hiyo. Akina mama waliokuwa na zamu ya kuwachemshia makocha chai walimtania kwamba Mzee Sakuzo akidaka andazi, andazi litalia kama bunduki. Hata Kocha Iwanaga, mtu wa posta, alikuwa na mazoea ya kuwapa mgongo wapasha moto akapanga mambo mengine, huku sikio lake likimwambia nani yuko tayari na nani bado.

Lakini mpira wa Nagisa haukuhitaji kupambwa. Mara ya kwanza alipoudaka, mtoto alikuwa darasa la tano, miguu myembamba kama vijiti vya kulia wali. Alikuwa ameinua goti, akaegemea mbele, na mkono ukabaki nyuma. Ukachelewa, ukachelewa tena hata ungedhani umesahauliwa, kisha ukapita. Sakuzo hakuuona ukipita. Aliuona mpira tu, na mpira haukuanguka kama mipira yote iangukavyo. Alibaki amechutama huku amefumba glavu, akiogopa kuifumbua asije akakuta haina kitu. Hakuwa mtu wa maneno mengi ya dini. Kila asubuhi aliweka kipande cha kwanza cha tofu mbele ya rafu ya wahenga wake, akainamisha kichwa, akaenda zake. Tangu siku ile akawa anasimama pale muda mrefu kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kisicho chake na asijue wa kumshukuru. Mja aliyeumbwa kwa udongo atapewa nini cha kulinganisha na mkono ule?

Kwa hiyo Nagisa alipomwomba wawe wanarusha uani kabla ya shule, alikubali. Sheria ya ligi ya watoto huhesabu mipira anayorusha mtoto mchezoni, asije akaumia mkono; mipira ya uani haihesabu mtu. Sakuzo alilijua hilo. Alijiambia kwamba mtoto ameomba na mtu mzima hamnyimi mtoto kitu chema. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyeamka kabla ya saa yake kulia, akakoroga sufuria huku ametega sikio kwa kengele ya baiskeli.

Jioni ya kuamkia fainali, Nagisa alikuja dukani na bakuli la bibi yake. Sakuzo alishusha kipande cha tofu humo, akaongeza maji, akamkabidhi. Nagisa alipokea kwa mkono wa kulia, kisha upesi akauweka wa kushoto chini yake. Alikuwa amechelewa. Tofu iliyo majini haimfichi aibebaye: ilitetemeka, ikagonga ukingo wa bakuli, pembe yake moja ikameguka.

"Nyoosha mikono," alisema Sakuzo.

"Nimechoka tu, Mjomba. Mkoba wa shule mzito."

"Weka bakuli hapo. Nyoosha."

Akanyoosha. Mkono wa kushoto ulikwenda hata mwisho wake. Wa kulia uliishia njiani, umepinda kidogo kwenye kiwiko, kama tawi lililoelemewa na tunda.

Alimuuliza tangu lini, na mtoto akajibu kwamba tangu majani yaanze kugeuka rangi, lakini si sana, na kwamba kikishapata moto hakiumi tena.

"Hata leo asubuhi kilikuuma?"

Nagisa alitazama bakuli. "Kinauma nikiachia. Halafu mpira ukiingia kwenye glavu yako unalia vile, nasahau."

Sakuzo alishika ukingo wa tangi.

"Usimwambie Kocha," Nagisa alisema. "Ni kesho tu. Mwakani naenda shule ya kati, na nimeshaenda kumuuliza mwalimu wao wa besiboli. Mpole kweli, kanipa hata kiti. Kasema wasichana karibuni sana timuni, mtatusaidia kufua jezi na kuchemsha chai." Alipangusa pua kwa mkono wa sweta. "Mimi hata chai sijui kuchemsha, Mjomba. Muulize bibi."

Sakuzo aliitoa ile tofu iliyomeguka, akaweka nzima, akamfunikia bakuli kwa kitambaa na kulifunga kwenye kikapu cha baiskeli. Nagisa aliuchukua ukimya ule kuwa ahadi. Aliinama mbele yake kwa heshima hata nywele zikamfunika uso, akaondoka.

Fumie, mkewe, alikuwa nyuma ya pazia akikamua vitambaa vya kuchujia soya. Alikuwa amesikia yote.

"Utasema?"

"Ni fainali yake ya mwisho," alijibu Sakuzo.

"Yake, au yako?" Fumie alikung'uta kitambaa, akakianika. "Pombe uliikataa ungali kijana, na sigara ukaitupa mwenyewe. Nikawa najiuliza, huyu mume wangu atakuja kulewa nini."

Uwanja ulikuwa kando ya mto, na mchezo ulipangwa alasiri, wakati wapigaji wote hulalamika kwamba jua linawaingia machoni kutoka nyuma ya mrushaji. Wazazi walikwisha kutandika mikeka. Akina mama wa zamu walikuwa na machupa yao ya chai. Kocha Iwanaga alisimama na mwamuzi wakizungumzia mpaka wa uwanja, amewapa mgongo wapasha moto kama kawaida yake.

Sakuzo alichutama. Alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga njia nzima, na alipomfikia kocha yakamkauka, akamsalimu tu na kupita. Akajiambia atazame kwanza. Huenda usiku umekipumzisha kile kiwiko.

Mpira wa kwanza ulikuja, na kiganja kikafanya kilichozoea kufanya. Glavu ililia. Iwanaga, bila kugeuka, alitikisa kichwa kuridhika. Wa pili ukalia kuliko wa kwanza. Wa tatu ulipoachiwa, Sakuzo hakuutazama mpira, na hilo hakuwahi kulifanya tangu amjue mtoto yule. Alitazama uso. Nagisa alikuwa ameuma ukosi wa jezi yake, na midomo imempauka ikawa na rangi ya tofu.

Hapo Sakuzo aliona amepata njia isiyo na maneno. Mpira uliofuata aliupokea katikati ya kiganja, wazi, bila kuufungia glavu. Ulitoa sauti ya kitambaa kibichi kilichodondoka sakafuni. Akaupokea na mwingine vivyo hivyo. Kichwa cha Iwanaga kikageuka kidogo, kama cha mtu aliyeitwa kwa jina asilo na uhakika kama ni lake.

"Leo Mjomba kaja na glavu ya tofu," alisema Daigo, mtoto mnene wa timu, mrushaji wa akiba, aliyekaa kando akila tufaha. Wenzake wakacheka.

Nagisa hakucheka. Aliutazama mkono wake kama mtu aliyegutuka katikati ya sala. Alielewa jambo moja tu: kwamba mpira wake umekufa, na kwamba lazima aufufue. Akachimba udongo kwa ncha ya kiatu, akavuta pumzi, akainua goti juu kuliko alivyowahi kuliinua.

Ndipo Sakuzo alipoona alichokifanya. Alitaka glavu iseme badala yake, ili yeye abaki kimya na aendelee kupendwa. Na kumbe alichokiita rehema kilikuwa kiboko. Mkono wa mtoto ulikwisha kurudi nyuma. Ulikuwa unachelewa, unachelewa, na hata katika hofu ile moyo wa Sakuzo ulipiga magoti mbele ya uzuri wake.

Akasimama. Akavua glavu, akaibana kwapani, akabaki mikono mitupu.

Goti la Nagisa lilishuka polepole. Hapakuwa na pa kurushia.

Iwanaga alifika kwa haraka. "Vipi, Mzee Sakuzo? Kuna nini?"

"Kiwiko chake hakinyooki," alisema Sakuzo. "Kila alfajiri anarusha uani kwangu, na mimi namdakia. Yeye aliomba, Kocha. Lakini mimi ndiye niliyetaka."

Iwanaga alivua kofia, akapiga goti mbele ya Nagisa, akamwomba anyooshe mikono yote miwili. Alitazama wa kushoto, akatazama wa kulia, akarudi wa kushoto. Hakuomba mara ya pili.

"Mimi nilikuwa nasikiliza tu," alisema taratibu, na haikujulikana anamwambia nani. "Sikuwa natazama." Kisha akainuka. "Daigo, maliza hilo tufaha. Na uje na uso wa mrushaji."

"Ninao huu huu, Kocha," alisema Daigo, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nagisa alimwendea Sakuzo hata akawa karibu kumgusa. Macho yake yalikuwa makavu, na afadhali yangekuwa na machozi.

"Ulisema mpira wangu ni mzuri."

"Sijaona mwingine kama huo," alisema Sakuzo. "Na sitauona."

"Sasa kwa nini?"

Maisha yake yote Sakuzo alikuwa amebeba vitu visivyostahimili kubanwa, na hakuwahi kuombwa akieleze kiganja chake.

"Kwa sababu hiyo hiyo," alisema.

Nagisa alimpa kisogo, akaenda kukaa mwisho wa benchi.

Kamisaki walishindwa. Mipira ya Daigo ilikwenda kwa starehe kama mapovu, wapigaji wa upande wa pili wakaichagua wapendavyo, na watoto wa Kamisaki walikimbia huku na huko mpaka magoti yakawa mekundu. Hawakushindwa vibaya. Katikati ya mchezo Daigo alimtoa mpigaji hodari wa wapinzani, akashangaa mwenyewe hata akasahau kuondoka kwenye kilima kidogo cha udongo anaposimama mrushaji. Mama yake Nagisa alimfunga binti kiwiko kwa taulo la maji baridi, na Iwanaga akapatana naye kwamba siku ya kazi itakapofika atawapeleka kwa daktari wa mifupa. Picha za daktari zitasema nini, hakuna aliyejua. Sakuzo alikaa mkekani peke yake. Muda wote huo Nagisa hakugeuza uso upande wake, na Sakuzo hakumtarajia ageuze.

Mchezo ulipokwisha, watoto waliuvuta uwanja kwa reki za mbao mpaka udongo ukabaki na mistari kama kitambaa kilichosukwa upya, wakapanga safu, wakavua kofia na kuuinamia uwanja wakiushukuru. Kisha wakatawanyika kuelekea kwenye baiskeli zao. Fumie alikuwa anangoja garini. Sakuzo alichutama penye bamba la nyumbani, pale wapigaji husimama, akilipangusa udongo kwa brashi, maana ilikuwa zamu ya watu wazima kumaliza.

Kivuli kilimwangukia magotini. Aliinua macho.

Nagisa alikuwa amesimama juu ya kilima cha mrushaji, hana mpira, taulo bado limemzunguka kiwiko. Jua lilikuwa chini kabisa nyuma yake, kiasi kwamba uso wake haukuonekana. Hakuinua goti. Alisimama tu, mikono imening'inia. Kivuli chake kiliteremka kilimani, kikapita juu ya ile mistari ya udongo bila kuivuruga hata mmoja, kikafika kwenye bamba na kumpita Sakuzo. Na mkono wa kulia wa kivuli kile ulikuwa mrefu usio na mfano, wala haukuonekana umepinda popote.

Sakuzo aliiweka brashi chini. Alibaki amechutama, viganja vyake viwili vimefunuliwa juu ya magoti, na hakusogea, asije akatoka ndani ya kivuli cha mkono ule.