Vitone vya Maji Mafu

Kitu cha mwanzo nilichokishika Jumatatu ile ofisini kilikuwa mafuta. Nimekaa kwenye kiti changu, nimeweka mkono juu ya kipanya cha kompyuta, mkono ukateleza. Nikanusa vidole: kababu, na kitunguu thomu juu yake. Kwenye kibodi vipande vya nyama vimejibana baina ya herufi, na mtu alikuwa kajifutia mdomo kwa kitambaa changu cha kupangusia kioo. Kefule! Tulikuwa watu wanne ofisi nzima na kila mmoja ana meza yake, sasa huyu aliyekuja kula mezani kwangu ni nani?

Nikachukua spiriti nikapangusa, roho imenichafuka. Sikuwa na wasaa wa kugombana na mtu. Saa nne mgeni wa wafadhili kutoka Dar es Salaam angekuwa ameshakaa ukumbini juu, na mimi, Hind binti Zahran, ndiye wa kumwonesha grafu ya joto la maji ya Paje. Hiyo ni Januari 2008. Mwani wa kina mama wa Paje ulikuwa unaozea kambani mwaka wa tatu huo. Unageuka mweupe, unalegea, ukiushika unabaki mkononi kama makamasi. Wenyewe walisema maji yamekuwa moto, wapewe mashua wakapande mbali kwenye maji marefu. Bosi wetu, Bwana Mkadam, alishaandika ripoti kwamba maji hayana neno, ila wakulima wenyewe wavivu, hawajui kufunga mwani wao. Mgeni ndiye wa kukata shauri: mashua kumi, au semina nyengine ya kufundishwa mafundo.

Kufundishwa mafundo! Wanawake waliofunga mwani miaka kumi na tano!

Joto lenyewe alilipima Bi Mwatima, mkulima wa huko huko Paje. Mwaka mzima wa 2007, kila akishuka shambani, anatia kipimajoto majini na kuandika kwenye daftari la shule tarehe na nambari. Mimi niliziingiza kwenye kompyuta kwa mkono wangu, nikaandika programu fupi ya kuzichora. Kila kipimo kitone kimoja, na ukikibonyeza kitone kinakwambia tarehe yake na joto lake. Nilitaka mgeni abonyeze mwenyewe, asije akasema tumempaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Basi saa mbili na robo nikaiendesha. Dirisha la grafu likafunguka na papo hapo likajifunga. Sikuwahi kuona hata kitone kimoja. Nikaiendesha tena, vile vile. Mara ya tatu nikakodoa macho mpaka yakatoka machozi, dirisha likapita na kwenda zake.

"Programu mbovu hii!" nikapiga kelele. "Mbovu, mbovu, mbovu!"

Bwana Mkadam akatia kichwa mlangoni, kijiti kinachokonoa meno.

"Kuna nini, Hind?"

"Programu yangu ina ukorofi, Bwana Mkadam. Grafu haikai."

"Si umwambie mgeni wastani tu, ukapumzika? Wastani wa miezi ya joto ishirini na tisa na nusu. Chini ya thelathini, mwani haufi." Akakitoa kile kijiti, akakitazama kilicholeta, akakirejesha mdomoni. Mtu mzima hovyo.

Alipoondoka nikasoma mstari mmoja mmoja. Ijumaa nilikuwa nikiipa kompyuta amri kwa mkono, moja baada ya moja, ndiyo maana dirisha lilikaa. Sasa programu inajiendesha yenyewe, ikifika mstari wa mwisho inamaliza kazi na kuondoka na dirisha lake. Nikaongeza mstari wa kuiamrisha isubiri mpaka mtu afunge. Likakaa. Alhamdulillahi.

Nikabonyeza kitone. Tarehe 12 Machi, ishirini na saba na nusu. Nikafungua daftari nihakikishe: tarehe 12 Machi haimo. Nikabonyeza cha jirani yake. Tarehe 13 Machi, ishirini na saba na nusu, nayo haimo. Nikabonyeza cha juu, tarehe 20 Machi, thelathini na mbili. Hiyo imo, tena na doa la maji ya chumvi pembeni.

Nikajua nimekosea hesabu, kitone kinajibu tarehe ya mwenzake. Nikazipanga upya tarehe. Nikapunguza moja. Nikaongeza moja. Nikaandika upya sehemu nzima ya kubonyeza, na kila nikibonyeza vile vya chini napata tarehe zisizomo na ile ile ishirini na saba na nusu. Nshaitukana ile programu mpaka matusi yameniishia, na yakiniishia naanza kujitukana mwenyewe.

Mwisho nikaiuliza kompyuta swali la kitoto: vipimo vingapi vimo ndani ya faili? Ikajibu mia tatu sitini na tano.

Mimi niliingiza mia moja na sabini na sita, nilivihesabu mara mbili. Programu haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa inasema kweli tangu asubuhi, na mimi ndiye niliyeshinda kuitukana.

Saa tatu na nusu Bi Mwatima akaingia, kavaa buibui lake la kwendea mjini, harufu ya bahari bado anayo.

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka?"

Nikamwonesha. Hakutazama nambari, alitazama kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe za Kiislamu chini ya za Kizungu, ya mwaka jana bado imetundikwa nyuma yake.

"Kumi na mbili Machi mwaka jana ilikuwa mwezi ngapi?"

Nikaitafuta. "Mwezi ishirini na mbili, Safar."

"Maji mafu hayo!" akacheka. "We mtoto wa Shangani, bahari unaijua ya Forodhani tu. Sie tunashuka bamvua, maji yakitoka mbali na shamba likawa wazi. Maji mafu hayatoki, yamesimama tu juu ya shamba. Leo mie nimepata vipi nafasi ya kuja mjini? Kwa kuwa maji mafu yashaanza. Nani huyo aliyekwenda kupima tarehe hiyo, jini?"

Akabonyeza mwenyewe kitone kimoja, kingine, kingine. Kila cha chini akitaja mwezi wake kabla sijaufikia kwenye kalenda: saba, nane, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Kile kicheko kikamwisha. "Wamenitia uongo katika daftari langu," akasema. "Watu watasema Mwatima muongo."

Nikatazama vidole vyangu, bado vinanuka thomu. Nikaenda moja kwa moja kwa Mkadam. Mbele yake karatasi ya kababu imelowa mafuta mpaka kwenye majalada.

"Bwana Mkadam, umeingia kwenye kompyuta yangu?"

"Nilikusaidia," akasema, anatafuna. Hana haya hana soni. "Grafu yako mapengo matupu, utasema mdomo wa kizee. Kila mwezi pengo, pengo. Mgeni angetucheka. Nimeziba tu."

"Ishirini na saba na nusu umeitoa wapi?"

"Ndilo joto la kawaida. Kila mtu anajua."

"Na umefuta faili langu la zamani?"

"La zamani la nini tena?" Akaramba kidole gumba, taratibu, kisha akaniashiria kwa kidole hicho hicho kilicholowa. "Hind, mkataba wako unaisha Machi. Onesha grafu, kaa chini, unywe chai yako."

Nikatoka, nikamchukua Bi Mwatima na daftari lake, tukapanda juu.

Ukumbini mgeni alikuwa mtu mpole, kalamu nzuri, viatu vinang'aa. Nikaitandaza grafu ukutani na nikamwambia waziwazi: vitone vya juu ni vya Bi Mwatima, vimo ndani ya daftari hili. Vya chini vimetiwa na mtu, Bi Mwatima hakupima siku hizo. Ukiviondoa, wastani wa miezi ya joto unapita thelathini na moja.

Mgeni akamgeukia Mkadam. Mkadam akatabasamu kwa huzuni, eti ananionea huruma.

"Mheshimiwa, mtoto huyu anajitahidi. Lakini programu yake ina kasoro. Mwenyewe kapiga kelele tangu asubuhi, ofisi nzima imesikia. Hind, si ulisema mbovu?"

Nilisema. Mara nne nilisema. Kanishika kwa ulimi wangu mwenyewe, na kijiti chake bado kimo mdomoni.

"Mimi siwezi kuamua kwa ugomvi," mgeni akasema. "Nitakwenda Paje nijionee. Keshokutwa, Jumatano."

"Jumatano hutaona kitu, baba," Bi Mwatima akamwambia. "Maji mafu. Njoo Jumapili ijayo, bamvua."

"Alhamisi narudi Dar."

"Jumatano njema sana," akasema Mkadam. "Gari ntatoa mimi." Akasugua mikono, na mimi nikajua kwamba yeye kalenda ya ukutani anaijua vizuri kuliko nilivyodhani.

Jumatano tukafika Paje mchana. Maji yamesimama, buluu tupu, hakuna kijiti cha shamba kinachoonekana, hakuna mwanamke hata mmoja ufukweni ila Bi Mwatima, aliyekuja kutupokea. Mkadam akanyoosha mkono baharini.

"Unaona, Mheshimiwa? Mchana kweupe, hata mtu mmoja shambani hayupo. Nisemeje tena?"

Mgeni akatoa kalamu yake nzuri, akaanza kuandika. Nilisimama nyuma yake nikaona neno "limetelekezwa". Nikamchukia yeye na kalamu yake, na zaidi nikajichukia mie niliyesimama mkavu kwenye mchanga.

Bi Mwatima akavua makubadhi, akakaza khanga kifuani, akaingia majini na kipimajoto mkononi. Magotini. Kiunoni. Akaendelea.

"Bi Mwatima, rudi!" nikapiga kelele. Wanawake wa umri wake kule wanajua kutembea baharini, si kuogelea. Maji yakamfika kifuani, kisha mabegani, akainua kidevu akaenda hivyo hivyo, anapapasa kwa miguu. Nikaingia na buibui langu na viatu vyangu, likanizonga miguuni, nikawa namwita na chumvi inaniingia mdomoni. Nyuma yetu mgeni kaacha kuandika.

Akasimama. Shamba lake alilijua kwa nyayo. Mkono mmoja akashikilia kipimajoto majini, muda mrefu, mawimbi madogo yanampiga midomoni. Kisha akakitoa, akakitazama, akaniletea mimi nisome kwa sauti, kwa kuwa mimi ndiye mwenye macho mazuri.

"Thelathini na moja na nusu!" nikapiga kelele mpaka ufukweni. "Maji mafu, thelathini na moja na nusu!"

"Ngoja," Bi Mwatima akasema. Akazama. Akatoka juu anakohoa, mkononi kamba aliyoikata kwa kisu chake.

Tulipofika ufukweni, ute mweupe wa mwani uliooza umemganda mikononi, shingoni, mpaka kwenye nywele zilizotoka nje ya mtandio. Ulinuka mayai viza. Mkadam akarudi nyuma hatua mbili na kuziba pua. Bi Mwatima akamtazama, akampita, akamwekea mgeni ile kamba kiganjani.

"Wewe unasema hatujui kufunga," akamwambia Mkadam bila ya kumgeukia. "Mwani wangu umeondoka. Fundo lipo."

Mgeni hakuziba pua. Aliweka kalamu mfukoni, akalishika fundo kwa kucha, kwanza kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, na ute unamchirizika kwenye mkono wa shati. Akajaribu kwa muda. Lilimshinda. Akamuuliza Bi Mwatima mashua ziwe za urefu gani.